Baba Mapasa Siku Kyungu Alipoimba

Jina lake ninalijua, na la baba yake, na la babu yake aliyezikwa Kabongo. Sitaliandika. Kwetu mtu akizaa mapasa, yaani mapacha, jina lake la zamani linawekwa kando, na anayeendelea kumwita kwa jina hilo anaonekana anatafuta ugomvi. Tangu siku Georgette alipojifungua wale wasichana wawili, Kyungu wa kwanza na Kabange wa pili, mume wake akawa Baba Mapasa kwa mtaa mzima, kwa padri, kwa wauza makala ya kupikia, hata kwa mkubwa wake wa kazi. Yeye hakupenda. Alisema: "Mi niko na jina pa kitambulisho. Mapasa haiko jina, ni hesabu." Lakini ukimwita kwa jina la kitambulisho, hakugeuka.

Alikuwa fundi wa umeme, wa zile laini kubwa zinazotoka kwenye bwawa la Nzilo na kupita juu ya vilima mpaka kwetu Kolwezi. Parseli yao ya nyumba na yangu ziligawana ukuta mmoja, na ukuta ule ulikuwa na tundu ambalo Georgette alinipitishia chumvi na mimi nikampitishia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tulikaa hivyo miaka mingi, mpaka shimo la mgodi lilipokaribia na sisi sote tukahamishwa, huyu huku, yule kule.

Kofia yake ya kazi, ile ngumu ya njano tunayoita kaske, haikutoka kichwani. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo kunyolewa, akaishika mapajani wakati kinyozi anafanya kazi, kisha akairudisha. Jumapili aliivua kanisani tu, na hata pale aliiweka chini ya benchi, kati ya miguu, kama mtu aliyekuja na kuku.

Umeme ukikatika mtaani, watu walikwenda kwake. Haikuwa kazi yake. Yeye alikuwa wa laini kubwa, na mtaa ulikuwa na watu wake wengine. Lakini alitoka, kandambili miguuni, akaenda kwenye kabini ya umeme, akaweka sikio ukutani, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. "Iko mgonjwa, lakini haijakufa," alisema, na watu wakarudi nyumbani wametulia, ingawa hakuna kilichotengenezwa.

Alikuwa na neno lake moja, na kuran kwetu ni umeme: "Kuran haina kabila." Alilisema watu walipobishana mambo ya siasa, na hapo lilifaa. Alilisema pia walipobishana mambo ya mpira, na alilisema siku mke wa Kaponda, jirani yetu, alipomfukuza mumewe, ambapo halikufaa kabisa. Likishasemwa, maneno yalikwisha, kwa sababu hakuna aliyejua amjibu nini.

Muziki hakuupenda. Redio yake ilitoa habari, na habari zikiisha aliizima kabla ya wimbo kuanza. Alisema muziki ni kuran inayopotea bure. Kanisani alifungua mdomo na kuufunga pamoja na wengine, bila sauti. "Bwana yangu anaimbaka na meno," Georgette alisema, na hakusema kwa ubaya.

Tena, mtu huyu aliyepanda nguzo ambazo ukizitazama tu shingo inauma, aliogopa radi. Mvua kubwa ikianza, alikaa juu ya kitanda, miguu imekunjwa isiguse sakafu, na wasichana wake mmoja kila upande. Wasichana hawakuogopa. Walikaa naye ili asiwe peke yake.

Katika misiba alikuwa mtu wa kwanza kufika. Alivuta waya, akatundika taa juu ya wanawake wanaolia, akahakikisha zinawaka. Lakini hakukaa na waliokaa. Alisimama karibu na waya wake mpaka mwisho, akiuangalia usikanyagwe. Nimezika mume na watoto wawili katika mtaa ule, na mara zote tatu nilimwona amesimama hivyo.

Sasa nieleze mambo ya mapasa, maana anayetoka mbali anaweza asielewe. Kwa Waluba, mapasa si watoto kama wengine. Wamekuja wawili, na wanatazamana. Ukimpa mmoja, unampa na mwingine. Ukimsifu mmoja, unamsifu na mwingine. Anayeachwa anaona hakutakiwa, na anaweza kurudi alikotoka. Siku wanapozaliwa, wanawake wanakuja na majani na chokaa nyeupe ya mpemba, wanawapaka wazazi, wanaimba nyimbo za matusi ambazo siwezi kuziandika hapa, na baba na mama wanapaswa kucheza katikati bila kukasirika.

Georgette alicheza, ingawa alikuwa bado na maumivu. Baba Mapasa alijifungia ndani. Baadaye akatoka, kaske kichwani, akasimama mlangoni.

"Ba mama, muntu anazaa batoto, munakuya kutukana tumbo yenye ilibabeba. Hii ni akili gani?"

Mama Monga, mama yake Georgette, alikuwa ameshuka kwenye treni kutoka Mutshatsha asubuhi ileile na kuku wawili. Mama mkwe na mkwe wake hawasemeshani ana kwa ana, hiyo nayo ni desturi yetu. Wanaheshimiana kwa kupitisha maneno kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu kwa kawaida nilikuwa mimi, kwa sababu ya lile tundu la ukuta.

"Mama Veronika," Mama Monga aliniambia, wakati mkwe wake amesimama hatua chache tu mbele yake, "mwambie mukwe yangu hii ni akili ya kulinda batoto. Kama eko na ingine, atuonyeshe."

"Baba Mapasa, mama mukwe anasema..."

"Nimesikia."

"Mama Monga, anasema amesikia."

"Mwambie basi acheze."

"Mwambie kuran haina kabila," alisema yeye, akafunga mlango. Wanawake walipaka mpemba kwenye mlango, kwa kuwa yeye hakuwepo.

Baada ya hapo ungefikiri mtu huyo aliwalea wale watoto kama watoto wengine. Hapana. Alinunua kila kitu mara mbili, rangi moja, kipimo kimoja. Mguu wa Kabange ulikuwa mkubwa kuliko wa Kyungu, kwa hiyo daima mmoja alilia viatu vinabana au mwingine alitembea vikipiga pa, pa, pa. Kabange akishikwa na malaria, Kyungu naye alinyweshwa dawa chungu, akiwa mzima. Mmoja akivunja sahani, wote wawili walikaa kwenye kona. Siku Kyungu alipokuwa wa kwanza darasani, baba yake aliwapa mkono wote wawili, na Kabange akaupokea bila aibu yoyote.

Nilimwambia siku moja: "Baba Mapasa, kumbe unafwata desturi kupita siye."

Alikasirika. "Ile haiko desturi, Mama. Ile ni justice."

Nilipompitishia Mama Monga neno hilo la haki, alicheka mpaka akafunga upya kikwembe chake cha kiunoni.

Walipokuwa kalasi ya pili, shule ya parokia ilipata mwalimu mpya, Mwalimu Odile, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alitunga mchezo wa kuimba kwa ajili ya mwisho wa mwaka. Si korali ya kusimama mstari mmoja. Watoto walivaa, walitembea, walisemezana kwa kuimba, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hadithi ilikuwa ya lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye vilima vyetu, mahali ambapo udongo una shaba na mti mwingine haukubali. Wazee wa kale walilitafuta, wakiliona wanajua wachimbe hapo. Katika mchezo, ua linakaa peke yake kilimani, linaimba. Msafiri anapita, analisikia, anasimama. Kisha wanakuja wengi na majembe.

Ua alikuwa Kyungu.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikwenda moja kwa moja, kama mtu anayejua nyumba anayokwenda. Kabange alijaribiwa siku hiyohiyo na hakuchukuliwa.

Kyungu alileta habari nyumbani akikimbia, na nilisikia yote kupitia tundu. Baba yake alifurahi. Nasema alifurahi, kwa sababu nilimsikia akimwuliza Georgette kama mwigizaji anakula kwanza au anakula baadaye. Jioni ile alimshikilia Kyungu bega na kumwambia ageukie ukuta aimbe kidogo, asikie kama inafika mpaka mlangoni.

"Papa, siku ile utaniangalia?"

"Nitaangalia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Mama Monga alifika Ijumaa iliyofuata. Habari ilimfikia Mutshatsha kwa njia ambayo mpaka leo siijui, lakini habari za mapasa hupanda treni zenyewe. Hakukaa. Alisimama uani na mzigo bado kichwani.

"Mama Veronika, mwambie mukwe yangu: bote baimbe, ao hakuna mwenye kuimba."

"Mwambie mwalimu anataka mumoja."

"Mwambie mwalimu hakuzaa mapasa."

Alisema mengine ambayo yalimfanya Georgette aingie ndani. Alisema dada yake mwenyewe alizaa mapasa, na mmoja alivalishwa nguo ya ubatizo kabla ya mwingine, na kilichofuata watu wa ukoo wanakijua. Baba Mapasa alisikiliza akiangalia chini. Kisha akaniomba nimsindikize kwa Mwalimu Odile, akisema mambo ya kuimba yeye hajui yanasemwaje.

Tulimkuta kwenye ukumbi akipanga benchi.

"Mwalimu," alisema, kaske mkononi, "ile maua, haiwezi kuwa na bichwa mbili?"

"Tata, ni maua moja. Njo hadisi yenyewe. Iko peke pa kilima."

"Siye pa laini tunawekaka waya mingi. Moja ikikatika, ingine inabeba."

"Naelewa, Tata. Lakini Kabange nilimusikia. Anaimba..." Mwalimu aliniangalia, akatafuta neno, hakulipata. "Anaimba sawa na we."

"Sawa na mi namna gani? Mi haujanisikiaka."

"Njo ile nasema, Tata."

Nilitazama nje. Yeye alirudisha kaske kichwani, tukatoka.

Hakuna aliyemwuliza Kabange. Nilimwuliza mimi, alipokuwa anamenya karanga mlangoni kwangu.

"We, unataka kuimba?"

"Apana, Nkambo," alisema, ndivyo walivyoniita bibi. "Nataka kuona fasi banawashia malampe."

Nilimpelekea baba yake maneno hayo kama yalivyo, kwamba anataka kuona mahali taa zinapowashwa. Alisema mtoto wa umri ule hawezi kujua anachotaka. Nilimwambia Kyungu ana umri uleule.

Wakaafikiana hivi. Fundi Mwape atashona nguo mbili za ua, zambarau, na majani ya kijani shingoni. Kyungu atavaa yake na kuimba. Kabange atavaa yake na kukaa benchi ya mbele, karibu na baba yake. Mama Monga alikubali, lakini akaongeza lake:

"Mwambie mukwe yangu, yule mwenye kuachwa njo anarudiaka. Asimuache na macho, tangu wimbo inaanza mpaka inaisha."

"Mwambie mama mukwe, mi siamini ile bitu."

"Mwambie asiamini. Lakini aangalie."

Hapo nilijua kwamba ameahidi macho yake kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Yeye pia alijua, nadhani. Siku zile alipanda na kushuka nguzo kama kawaida, lakini nyumbani alizima redio hata kabla ya habari kwisha.

Mchezo ulifanyika Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Baba Mapasa alikuja na suti nyeusi, bila kaske, na watu wakashangaa kichwa chake ni kidogo namna ile. Alikaa mbele. Kulia kwake alikaa Kabange, amevaa ua, mikono imekaa wima pembeni kwa sababu Mwape alibana makwapa. Kushoto Georgette. Mama Monga alikaa benchi ya pili, mbali na mkwe wake kama inavyotakiwa, lakini mahali anapoiona shingo yake. Mimi nilikuwa karibu na Mama Monga.

Pazia lilifunguka. Palikuwa na kilima cha masanduku kilichofunikwa magunia, na juu yake Kyungu, mdogo kuliko alivyokuwa nyumbani. Watoto wa ngoma walipiga kidogo, wakaacha. Akaanza.

Ukumbi ulinyamaza. Si ule ukimya wa heshima wa kanisani. Hata wale wa madirishani waliacha kusukumana. Mwanamke mmoja nyuma alisema "Eee, mama," polepole, na mwingine akamnyamazisha.

Baba yake alitazama mara moja, mwanzoni. Kisha Mama Monga akakohoa, na ile shingo ikageuka kulia. Alimtazama Kabange. Kabange hakuwa anatazama jukwaa. Alikuwa ameinua uso, macho juu, mdomo wazi kidogo. Niliona mabega ya baba yake yakikakamaa.

"Kichwa inauma?" alimnong'oneza.

"Apana."

"Tumbo?"

"Papa, nyamaza, Kyungu anaimba."

Alimwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso. Akamshika kidole, akatazama kucha. Juu ya jukwaa wimbo ulikuwa unapanda, na mimi nilikuwa natazama huku na kule kama mtu aliye njia panda.

"Juu ya nini unaangalia juu vile?"

"Ile lampe. Inacheza-cheza. Waya yake haiko muzuri."

Basi naye akainua uso. Baba na binti, vichwa nyuma, wakaitazama taa. Kweli ilikuwa inacheza. Nilimwona akihesabu kitu kwa midomo, waya unatoka wapi, unapita wapi, na walikuwa bado huko juu wakati Kyungu alipomaliza.

Watu walisimama wote. Kwetu mtu akifanya jambo zuri, anapakwa poda. Mtoto akishinda mtihani, bibi akipata mjukuu, poda. Kila mwanamke pale alikuwa na kopo lake ndani ya kikwembe, na wote walikwenda mbele wakipiga vigelegele, wakapanda kilima cha magunia, wakampaka Kyungu uso, nywele, mabega, mpaka akawa ua jeupe. Georgette alipanda. Mama Monga alipanda, na magoti yake yale ya kuuma. Mimi nilipanda.

Halafu Mama Monga akageuka, akapiga kelele, na safari hii alisahau kwamba mimi ndiye mdomo wake:

"Na ule mwingine! Na ule mwingine!"

Baba Mapasa alishtuka. Akanyang'anya kopo kwa mwanamke aliyekuwa anapita, akalitikisa juu ya kichwa cha Kabange. Poda ilimwagika yote kwa mara moja.

Kabange alipiga chafya. Kisha akasema kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia:

"Apana, Papa! Mi sikuimba!"

"Tulia."

"Mi sikuimba! Ile ni ya Kyungu. Mupelekee Kyungu!"

Akajifuta uso kwenye koti la baba yake, kulia na kushoto, mpaka suti nyeusi ikawa na sura ya mtoto kifuani. Watu walicheka sana. Hata padri alicheka. Nilicheka pia. Kisha nikageuka, nikamwona Kyungu. Alikuwa amesimama katikati ya wanawake, mweupe, anatazama chini mahali baba yake alipo. Alikuwa na poda ya mama yake, ya nyanya yake, ya jirani, ya watu asiowajua. Ya baba yake ilikuwa juu ya Kabange, na kopo lilikuwa tupu.

Nje, chini ya ukuta wa ukumbi, alimwuliza.

"Papa, uliniona?"

"Nilikuona. Ulifanya muzuri. Bote mulifanya muzuri."

"Bote?"

"Mi nilikaa tu," alisema Kabange.

Kyungu alikwenda kwa mama yake, akaanza kujifuta poda.

Kabange hakushikwa hata na mafua. Mama Monga alisema ni kwa sababu aliangaliwa. Baba Mapasa alisema ni kwa sababu hakukuwa na kitu. Wote wawili walirudi nyumbani wakiwa na ushahidi, na uliwatosha.

Miaka iliyofuata Kyungu aliimba kila mwaka, na baadaye hata nje ya shule. Hakumwambia baba yake siku. Alinijia mimi kwenye tundu: "Nkambo, Jumamosi, utakuya?" Nilikwenda. Baba yake alipata habari kwa wauza makala. Mara moja alimwuliza kwa nini yeye haambiwi, na Kyungu alimjibu kwa heshima, mikono nyuma: "Papa, uko na kazi." Alikuwa na kazi kweli. Hakupata pa kushika katika jibu hilo.

Sikumwona akilalamika. Sikumwona pia akimpiga mtoto hata siku moja, wala kulewa, wala kumnyima mtu waya. Nikisema alikuwa mtu mgumu, Georgette alikuwa anakataa. Alisema: "Haiko mugumu. Eko na woga, lakini woga yake inavalaka kaske."

Msimu huu wa mvua uliopita nilikuwa kwa mwanangu, kwenye barabara ya Nzilo, nimekaa barazani nachagua maharagwe. Nikaona mzee anakuja kwa miguu, suruali imekunjwa kwa sababu ya matope. Nilimtambua kwa kichwa. Kaske haikuwepo, amekwisha kustaafu.

"Jambo, Mama Veronika. Unanijua?"

"Baba Mapasa, kaa."

Alikaa. Aliniuliza hali ya magoti, nikamwuliza hali ya Georgette. Georgette mzima. Kabange amekuwa fundi, yuko Sandoa anaweka taa za jua kwenye kituo cha afya. Alilisema hilo kwa fahari, akiificha kwa kufuta simu yake na leso. Nilijua hakutembea matope yote yale kwa ajili ya magoti yangu.

"Kyungu alipiga simu. Ataimba kule Lubumbashi, mu teatro kubwa. Ye njo wa mbele. Ananiita."

"Ni muzuri sana."

"Anasema nikuye mi peke. Kabange asikuye."

"Na Kabange anasema nini?"

"Anacheka. Anasema ye hapendake teatro, tumuache na kazi yake." Alivuta pumzi. "Mama, mi sijaangaliaka mumoja. Tangu balizaliwa. Nikiangalia mumoja, macho inatoka yenyewe, inatafuta mwingine. Kule nitafanya namna gani?"

Nilimwuliza: "Ile siku ya maua, unakumbuka wimbo?"

Alikumbuka taa. Alikumbuka waya ulipita juu ya mlango, na kwamba aliyeufunga hakujua kazi. Wimbo hapana.

"We ulisikia?"

"Nilisikia."

"Niimbie."

"Mi? Na hii sauti ya kukwaruza?"

"Hata vile."

Basi niliweka sinia chini, nikaimba. Mkwe wangu alichungulia dirishani, akafikiri nimeugua.

*Mi niko kaua ka pa kilima,*
*hakuna mwenye alinipanda,*
*mvua inanijua, jua inanijua.*

"Kisha?"

*We mwenye kupita, simama kidogo,*
*simama kidogo, uniangalie.*

Nilisimama hapo. Hakusema "kisha". Nikaona afadhali nimwambie.

"Pa ile fasi, Mwalimu Odile alimufundisha aangalie mutoto mwenye kucheza musafiri, Ilunga wa muoka mikate. Hakumuangalia. Aliangalia kiti yako, mpaka mwisho wa neno."

"Na mi?"

"We uliangalia lampe."

Alikunja leso, akaikunja tena, akaiweka mfukoni. Gari la mgodi lilipita, likatikisa vyombo ndani, tukangoja lipite.

"Kule Lubumbashi," alisema, "malampe iko nguvu. Mwenye kusimama mbele, mwanga yote iko mu macho yake. Haonake bantu. Anaona giza tu."

"Kumbe."

"Ndiyo. Lakini mwanga inaangukaka kidogo pa benchi ya kwanza. Pembeni. Mwenye kukaa pale anaonekana uso." Alionyesha kwa mkono, hapa jukwaa, hapa taa, hapa benchi, kana kwamba ukumbi ulikuwa kati yetu kwenye sinia la maharagwe. "Nitafika mbele ya bantu bote. Nitakaa pale."

Kisha akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Anza tena, Mama, toka mwanzo. Nisifike kule sawa na mugeni."